Mstari Niliokuwa Nikiufuta

Fordsburg, Johannesburg
Jumamosi

Yaya Angélique, dada yangu mkubwa mpendwa,

Kabla sijakuuliza habari za afya, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Katika kila barua niliyokuandikia tangu uolewe, nilifuta mstari mmoja kabla Papa hajaisoma na kufunga bahasha. Sasa nakusalimia. Hujambo? Kifua cha mtoto kimepona? Hapa tuko wazima. Papa bado analinda lile duka la vitambaa, na baridi imeanza kutuuma masikio.

Habari kubwa ni mzee ninayemsaidia Jumamosi, U Soe Naing, Mburma mwenye kijiduka cha uchapishaji chini ya chumba chetu. Hiyo "U" kwao ni heshima, kama sisi tunavyosema mzee. Namsahihishia kadi za harusi za Wakongo, Kifaransa upande huu, Kiingereza upande ule. Unanijua, naona haya hata kuomba chumvi. Kwake nilimaliza mwezi mzima bila kufungua mdomo. Nadhani ndiyo maana akaanza kuongea yeye.

Yaya, yule mtu alikuwa na televisheni. Si ya kutazama, kituo kizima. Alianza kwao Burma, mjini Yangon, kwa kukodisha magazeti ya zamani juu ya baiskeli. Kisha rafiki yake wa shule akawa waziri, akampa kibali cha gazeti, halafu cha kituo. Watu mia nne walikula kwake. Nimeona picha, wakubwa wamejipanga mstari kumpa mkono. Kila Jumatatu kurasa zake zilipelekwa serikalini zisomwe kabla ya kuchapishwa, na zake zilirudi safi, bila alama hata moja. Wenzake walimwonea wivu. Waziri alipoanguka, vyote vilichukuliwa asubuhi moja, akaja huku kwa mpwa wake na sanduku moja.

Leo nikamwuliza kwa nini kurasa zake zilirudi safi. Aliacha kwanza mashine imalize kadi zote. Akatoa kipande cha gazeti lake mwenyewe: tangazo la kifo cha mama yake, na chini majina ya watoto. Akanisomea matatu. Walikuwa wanne. Mdogo wao alikuwa gerezani kwa siasa.

"Hakuna aliyeniambia nilitoe jina lake," akasema. "Nililitoa mwenyewe, kabla hawajauliza."

Yule mdogo alipofunguliwa, aliomba kuona tangazo hilo kabla ya kuomba chakula.

Eish, Yaya, nilipanda ngazi mbio kuja kukuandikia. Papa aliikataa harusi yako, kweli, lakini hajawahi kuniambia nisimtaje mumeo. Miaka miwili nimemwandikia mumeo salamu, kisha nikazifuta mwenyewe, nawe bila shaka umekuwa ukizitafuta. Unisamehe.

Mama Concilie anaondoka kesho kuja huko na mizigo yake, atakuletea hii. Nibusie mtoto. Msalimie jirani yako Arlène. Na msalimie sana shemeji yangu Ruphin.

Nasikia viatu vya Papa kwenye ngazi. Siku zote nilikuwa naisukuma karatasi chini ya daftari mpaka niufute ule mstari. Leo naiacha mezani, maandishi juu.

Mdogo wako,
Murielle