Baba, Ule Mstari Uliupandisha Wewe

Kwako Baba, uliyelala kaburini upande wa kulia wa nyumba yako,

Leo sikuandikii kwa mapenzi. Mapenzi yapo, hayajaenda popote, lakini yakae kando kwanza yanisubiri. Nakuandikia nikiwa na hasira, tena hasira ya siku nyingi. Na kwa kuwa wewe huwezi kuisoma barua hii, nimeamua watu wengine wote waisome.

Wiki iliyopita mwanao Owino alikuja kwangu hapa Kisumu. Siku hizi yeye ndiye mwenyekiti wa wenye boti, amekalia kiti chako. Serikali inataka kutunga kanuni mpya za usalama ziwani, na za uchafu pia, maana gugumaji limefunga ufuo mpaka boti hazitoki, na oili ya injini inaelea pale pale akina mama wanapochota maji. Wenye vyombo wameitwa watoe maoni. Basi Owino akaniwekea mezani karatasi kuukuu iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla sijaifungua. Ni yale maoni tuliyoandika wewe na mimi, miaka ile ya themanini.

"Dada, usijisumbue," akaniambia. "Badilisha tarehe tu. Maneno ni yale yale."

Nilimfukuza, Baba. Mwanao wa kiume wa pekee, nilimfukuza chai yake ikiwa nusu kikombeni.

Unakumbuka siku tuliyoyaandika? Nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya kupiga taipu, na mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa na wewe. Ulikuwa ukitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, mikono nyuma, ukisema kwa Dholuo, nami natia kwa Kiswahili na Kiingereza. Ofisa alikuwa amepima kila boti na kupaka mstari mweupe ubavuni. Maji yakigusa mstari, hakuna kupakia tena, hata kama aliyebaki ufuoni ni askofu. Mstari wenyewe mliukubali. Mlichokataa ni ile kanuni kwamba kila boti ikipakwa rangi upya, ofisa aje apime tena.

"Ofisa ni mmoja, fuo ni ngapi?" ulisema. "Boti itakaa nchi kavu mwezi mzima ikimngoja kama bibi harusi! Andika: mwenye boti apake mstari mwenyewe. Ni nani anayeijua boti kuliko mwenyewe?"

Nikaandika, nikapamba na "kwa heshima na taadhima". Hata kuhusu oili nikaandika ulivyosema, kwamba ziwa ni kubwa na oili ya boti chache haliwezi kuisikia. Siku ya mkutano ulisimama na koti lako la kijivu ukasoma bila kukwama, na wakubwa wakaitikia kwa vichwa wakiandika. Kanuni ilipotoka, maneno yetu yalikuwa ndani yake. Ulinishika bega mbele ya wenzako wote. "Nyathina," ukasema, "mtoto wangu, kalamu yako imewashinda wenye digrii." Nilitembea na maneno hayo miaka mingi. Sasa yananichefua.

Ikaja Desemba. Boti yako ikavutwa nchi kavu kama kila mwaka kabla ya Krismasi, vijana wakakwangua rangi ya zamani, wakaziba nyufa kwa pamba, wakapaka buluu mpya. Mstari ulikuwa wako, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Mimi nilishika kopo. Alama ya mstari wa zamani bado ilionekana vizuri kwenye mbao. Wewe ukaweka vidole vinne juu yake, ukaanza kupaka hapo.

"Baba, si ulikuwa hapa chini?"

"Mbao zimezeeka, zimekunywa maji," ukanijibu. "Siku hizi boti inakaa chini hata ikiwa tupu. Tukiuacha mstari pale pale tutakuwa tunabeba upepo."

Nami nilicheka. Niliona una akili ya ajabu. Yawa, Baba! Boti iliyokunywa maji ni nzito tayari, hiyo ndiyo inayotaka mzigo upunguzwe! Hata mtoto anayeuza omena sokoni angekuambia. Lakini wewe uliyezaliwa ufuoni ulilipindua jambo hilo kichwa chini miguu juu, na mimi na cheti changu cha taipu nikaitikia ndiyo. Desemba iliyofuata, vidole vinne tena. Ya tatu vilevile. Na kila mara kopo lilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo usidhani najitoa.

Mwaka uliofuata ndipo boti ilipozama. Ilitoka Kendu Bay siku ya soko, na ndani yake alikuwamo dada yako, Waya Auma, shangazi aliyenilea Mama alipokuwa mgonjwa. Nahodha alikuwa Okumu. Unamjua Okumu wako. Kabla ya kuondoka lazima ainame autazame mstari, kila safari, watu wakimcheka kwamba anaisalimia boti. Siku hiyo pia aliinama. Mstari ulikuwa bado mkavu, umeinuka juu ya maji. Hata hivyo alimteremsha mwanamume mmoja mwenye magunia mawili ya mahindi, na yule mtu akamtukana mpaka kwa mama yake. Walipofika katikati upepo wa mchana ukaanza. Mawimbi hayakuwa makubwa, wote waliopona walisema hivyo. Yaliingia tu, kwa sababu ukingo ulikuwa karibu sana na maji. Mwili wa Waya tuliupata siku ya tatu. Okumu aliogelea akapona, na nadhani hilo ndilo watu walishindwa kumsamehe.

Kortini alisema neno moja tu. "Nilipakia nikiutazama mstari. Sikuupita." Wakamuuliza, kama hukuupita, imezamaje? Akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyepotea njia. Jibu lilikuwa limeketi benchi la mbele, limevaa koti la kijivu, na mimi nimeketi kando yako. Nilikutazama, Baba. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako. Basi na mimi nikatazama vyangu.

Okumu akafungwa. Tulipofika nyumbani nilijaribu kusema, ukanikatiza. "Okumu hana watoto, atatoka. Mimi nikiingia nyinyi mtakula nini? Na Auma ni damu yangu. Unafikiri siumii?"

Najua uliumia. Niliona. Kutoka siku hiyo hukula samaki tena, na ukiletewa ulisema tumbo linakusumbua. Na sitasema ulikuwa mtu mbaya, maana ningekuwa mwongo. Wewe ndiwe uliyenifunza kuogelea wakati baba za wenzangu walisema maji si ya wasichana. Uliweka kiganja chini ya kidevu changu, ukarudi nyuma pole pole, ukiniambia, "Niko hapa, piga miguu." Nilikuamini mpaka nikasahau kuogopa. Ndiyo maana nimekasirika hivi. Mtu usiyempenda akikosa, unatema mate unapita. Lakini wewe!

Miaka mitatu baadaye ukafa kitandani, umefunikwa blanketi safi. Kwenye matanga walisimama mmoja mmoja kukusifu. Mtetezi wa wasafiri, wakasema. Mzee aliyesikilizwa na serikali. Nilikuwa jikoni nikisonga kuon, ugali wa wageni, na nilisonga kwa nguvu mpaka mwiko ukavunjika. Walidhani ni uchungu wa kufiwa. Nilijiambia marehemu hasemwi, nikanyamaza. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi niliuficha wako na wangu pamoja.

Baada ya kumfukuza Owino sikukaa. Niliuliza watu, nikaambiwa Okumu yuko Otonglo sokoni, anauza kamba za katani. Alipotoka jela hakuna mwenye boti aliyemkubali. Ufuo wote ulimjua kama yule aliyewazamisha watu.

Nilimkuta. Amekonda, nywele zimepata mvi. Hakunitambua.

"Karibu, Mama. Unataka kamba ya ng'ombe ama ya kisima?"

Nikamwambia mimi ni nani, kisha nikamwambia yote papo hapo kando ya barabara, malori yakipita. Vidole vinne, mara tatu. Kopo nilishika mimi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Okumu aliketi chini juu ya kamba zake.

"Kwa hivyo sikuhesabu vibaya?" akaniuliza.

"Hukuhesabu vibaya."

"Na mstari niliuona vizuri?"

"Uliuona vizuri, Okumu. Ulikuwa mahali pabaya."

Akafunika uso kwa kofia. "Mama, mimi kila nikilala napanga wale watu upya ndani ya boti," akasema. "Huyu hapa, huyu pale, kila mtu mahali alikaa. Natafuta ni nani nilizidisha. Wengine nimewalaumu kwa majina. Hata dada ya Mzee nimeshamlaumu, nikasema ningemwacha ufuoni. Kumbe nilikuwa naonea maiti."

Hayo ndiyo uliyomwachia, Baba. Jela alitoka. Huko kwingine hakuwahi kutoka, na ufunguo ulikuwa nao wewe, ukaenda nao kaburini, na mimi nikakaa na wa pili mfukoni nikipika na kufua.

Basi sikiliza nilivyofanya. Maoni nimeyaandika upya, na si tarehe tu iliyobadilika. Nimeandika kwamba mwenye boti asiguse mstari, aupime mtu asiye na boti, kila rangi inapopakwa, hata kama boti itakaa nchi kavu mpaka iote majani. Nimeandika kwamba oili si mchezo na ziwa linasikia. Juu kabisa, kabla ya kanuni yoyote, nimeeleza ni kwa nini, na jina lako nimelitaja lote, ukoo na ubatizo, na langu chini yake. Alhamisi, kwenye mkutano wa maoni, nitasimama na kusoma mwenyewe. Owino amekuja mara mbili kunisihi. "Dada, utatuaibisha. Mzee apumzike." Nimemwambia aje akae mbele, kwenye kiti chake cha mwenyekiti, na macho yake yasishuke kwenye viatu. Okumu amekubali kuja. Ameniuliza kama anaweza kuazima koti.

Wengine humaliza barua kama hii kwa kumtakia marehemu usingizi mwema. Mimi sikutakii, Baba. Wewe umelala vya kutosha. Sasa ni zamu ya Okumu.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza.