Tone la Kwanza, Swichi Chini

Alhamisi, 13 Novemba

Wageni watano leo. Wawili wamekuja na kandambili. Niliwaandikia kabisa: viatu vya kufunika, suruali ndefu, kitambaa cha kukinga macho. Watu hawasomi. Mmoja kalalamika njia nzima kwamba senene wanamng'ata vidole vya miguu. Sasa nifanyeje, niwang'oe senene meno?

Njia ni ile ile. Tunaanza nikishaswali magharibi, kijiwe cha kahawa na bao karibu na soko. Halafu wanawake wanaowakaanga panzi hao. Halafu kilabu cha lubisi. Hapo nasubiri mlangoni, sinywi na sitaki harufu ya pombe ya ndizi kwenye baibui langu. Mwisho tunapanda kilima upande wa Kashozi, kwa Deo.

Wengi wanatarajia disko. Nikiwaambia usiku wa Bukoba mwezi huu ni mabati na mapipa, wanacheka. Wakifika kileleni kicheko kinakwisha. Mabati mapya yamesimamishwa mshazari, chini yake mapipa, juu taa kubwa nyeupe zinazochoma macho. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza hadi ndani ya pipa. Mlio wake ni kama mtu anamimina mchele kwenye sufuria na mchele hauishi.

Deo ndiye msimamizi. Mtambo ni wa tajiri mmoja wa mjini. Deo ana mke, Jestina, na mama; wote wako Muleba kwenye kibanja, shamba lao la migomba, yeye anakuja msimu ukianza. Ni mtu wa kwanza aliyekubali nilete wageni hadi karibu na mapipa, mwaka wa tano sasa. Ananiita dada Zamda. Sheria yake ni moja: tone la kwanza, swichi chini. Nyaya zile na maji, hapana. Hata senene wakija kuziba mbingu, anazima.

Leo pipa moja na nusu. Wageni wameridhika. Miguu inaniuma.

Jumamosi, 15 Novemba

Hakuna kitu. Upepo mkavu, senene wa kuhesabu. Wageni wamekaa wakitazama mabati matupu mpaka wakaanza kupiga miayo.

Deo anacheka tu, anakunywa soda yake. Ndiyo kinywaji chake. Baba yake aliuawa na pombe ya gongo. Siku ya mazishi Deo alipiga magoti mbele ya mama yake akaapa, na hajagusa pombe tangu hapo, miaka saba. Alipotimiza mwaka wa kwanza mama yake alitundika picha ya Deo ukutani, pembeni ya Bikira Maria. Anaisimulia kila msimu. Leo nimemwambia naijua kama sala, atafute nyingine.

Jumatatu, 17 Novemba

Mgeni mmoja wa juzi kaandika kwenye mtandao kwamba alipandishwa mlima kuangalia mabati. Nyota moja. Nimeisoma mara nne. Nimekasirika mpaka chai imepoa mkononi. Miaka mitano ya kutembeza watu, halafu mtu mmoja mvivu anakufuta kwa kidole.

Kesho nina wageni sita. Kesho lazima waone. Liwalo na liwe.

Jumatano, 19 Novemba. Alfajiri

Deo amekufa.

Naandika sasa kabla sijaanza kujidanganya.

Jana tulichelewa. Kwenye kilabu cha lubisi walikaa muda mrefu, wakafundishwa kunywa kwa kibuyu, sikuwaharakisha kwa sababu walikuwa wanafurahi na mimi nilitaka wafurahi. Mmoja alitoka na lubisi kwenye chupa ya maji. Tulifika kwa Deo wingu limeshatanda. Na senene ndio hao wamekuja. Sijawahi kuona. Walikuwa wanaanguka juu ya vichwa vyetu, kwenye shingo, mdomoni. Pipa la pili limejaa. Wageni wanapiga kelele za furaha.

Tone likaanguka. Deo akaenda kwenye swichi. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi. Nimeuona.

Nikamwambia, "Deo, dakika tano tu. Hawajapiga picha."

Akanitazama. Akasema, "Dada Zamda, mvua hii." Nikamwambia, tano tu, waitu, mwenzetu, nisaidie. Akatoa mkono.

Hazikufika hata tatu. Upepo ukang'oa bati la mwisho likaangukia waya. Deo akakimbia kulidaka lisiwaangukie wageni. Akalishika kwa mikono miwili.

Sikusikia sauti yake. Nilisikia senene tu, wanaendelea kugonga. Mtu wa jenereta ndiye aliyezima. Giza. Nikamtafuta kwa kupapasa, nikamkuta kifudifudi kwenye majani yaliyolowa.

Alhamisi, 20 Novemba

Askari kaniuliza. Nimesema mvua ilikuja ghafla. Kaandika. Kaniuliza kama kuna lingine. Nimesema hakuna. Imechukua muda mfupi kuliko kununua vocha.

Tajiri mwenye mtambo kafika na maneno yake tayari. Kuna chupa ya lubisi imeokotwa hatua mbili kutoka kwenye mwili. Basi, Deo alikuwa amelewa. Ndiyo maana hakuzima. Kila mtu kilimani anajua sheria yake, mtu mwenye akili zake asingeacha taa zinawaka. Watu wanatikisa kichwa, maskini, kumbe alirudia.

Chupa ni ya mgeni wangu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilinyamaza.

Ijumaa, 21 Novemba

Muleba. Wamemzika kwenye kibanja, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Mvua ilikuwa inanyesha taratibu na udongo mwekundu umetuganda miguuni.

Nimekaa na wanawake juu ya majani yaliyotandikwa sakafuni. Jestina amelia hadi sauti imekauka. Mama yake Deo, Ma Yustina, hakulia. Namwita Mae, mama, kama Deo alivyomwita. Ameshika rozari, haisogezi. Wageni wakiingia wanapewa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, na yeye mwenyewe ndiye anayewawekea kwenye viganja. Mimi kaniwekea punje tatu. Kanishukuru kwa kuushusha mwili wa mwanawe kutoka kilimani. Kanishukuru! Nimetafuna, nikatemea kwenye leso.

Ukutani Bikira Maria yupo. Pembeni yake kuna msumari mtupu. Nimemuuliza Jestina. Kasema tajiri alipofika hapa jana na habari ya chupa, Mae alisimama kwenye kigoda akaishusha picha mwenyewe. Akasema, alinipigia magoti akinidanganya. Hakulitaja tena tangu hapo.

Hawezi kumlilia mwanawe. Ana hasira naye. Na aliyemtia hiyo hasira ni mimi.

Jumapili, 23 Novemba

Matanga yameisha. Kabla sijaondoka nimemfuata Mae jikoni. Nilikuwa nimejipanga. Nikamwambia Deo hakunywa, chupa ilikuwa ya mgeni wangu, naapa kwa Mungu.

Aliacha kuchochea moto. Halafu akauliza kitu kimoja. Kama hakulewa, kwa nini hakuzima taa?

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema sijui, Mae.

Akarudi kuchochea moto. Akasema nina moyo mzuri, namfichia rafiki yangu aibu.

Mimi ni mwoga. Niandike tu hivyo. Mwoga.

Jumatano, 26 Novemba

Silali. Nimerudi kazini kwa sababu kukaa nyumbani ni kubaya zaidi. Nikifumba macho nasikia mabati.

Leo mmoja wa wageni wa usiku ule kanitumia video. Kaandika pole nyingi na kusema labda familia itapenda kumwona Deo mara ya mwisho. Nimeifungua mara moja. Deo anaonekana, mkono juu ya swichi. Sauti yangu inasikika vizuri, hata mvua haikuifunika. Dakika tano tu.

Nimeifuta. Nikamwandikia yule mgeni kwamba familia haitaki kuona chochote, na yeye aifute kwa heshima ya marehemu. Kanijibu ameshaifuta, na samahani. Kwa heshima ya marehemu! Nimeandika maneno hayo kwa vidole hivi.

Jumamosi, 29 Novemba

Mtambo umewashwa tena. Msimamizi mpya, mtu wa maneno mengi. Nimepeleka wageni wanne. Nilisimama mbali, mgongo kwenye mwanga.

Mgeni mmoja aliuliza kama kazi hii ina hatari. Msimamizi akafurahi kuulizwa. Akaanza: alikuwapo mwenzetu hapa, Deo, alipiga lubisi mpaka akasahau swichi iko wapi, akakumbatia bati kama mke wake. Wenzake wakacheka. Halafu wageni wote wanne wakanigeukia mimi, wanasubiri.

Nikatafsiri.

Neno kwa neno. Lubisi, swichi, mke wake. Kazi yangu ni kutafsiri. Mmoja wao akacheka kidogo halafu akaona uso wangu akaacha.

Nimeteremka nao mpaka mjini. Nimefika nyumbani. Nimeswali isha na sikumbuki rakaa. Wiki ijayo hadithi hiyo itasimuliwa tena na mimi nitakuwa nimesimama pale. Msimu ujao pia. Deo atakuwa mlevi wa kilima kwa lugha tatu, na mbili kati ya hizo nitakuwa nimezisema mimi.

Jumatatu nakwenda Muleba.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimeondoka na gari la kwanza. Bodaboda kanishusha barabarani, nikatembea kuingia kwenye migomba.

Mae alikuwa ukumbini na Jestina na majirani watatu, wanamenya ndizi. Alinyanyuka kunipokea. Akafuta mikono, akaenda kuchukua kikapu cha kahawa. Nikamwambia, Mae, keti kwanza. Usinipe.

Nilisema nikiwa nimepiga magoti. Sikupanga kupiga magoti. Nikasema uliniuliza kwa nini hakuzima taa. Alitaka kuzima. Mkono ulikuwa kwenye swichi. Mimi ndiye niliyemwomba aache, ili wageni wangu wapige picha. Alikataa, nikamwomba tena. Hakuwa na tone la pombe. Alikufa akilizuia bati lisiwaangukie watu wangu.

Kisu cha Jestina kilianguka kwenye beseni. Jirani mmoja akasema mae waitu, mama wee, akashika mdomo.

Ma Yustina hakupiga kelele. Afadhali angenipiga. Aliweka kikapu pembeni. Halafu akasema, rudia. Wasikie vizuri. Nikarudia. Akamtuma jirani akawaite watu wa kibanja cha pili na cha tatu. Wakaja, wengine na majembe mkononi. Akasema, rudia. Nikarudia mara ya tatu, na kila mara nilipofika kwenye maneno yale, dakika tano tu, alisubiri mpaka niyamalize.

Nikamwambia na habari ya video. Kwamba ilikuwapo na niliifuta. Hapo ndipo Jestina aliponitazama. Sitaki kuelezea yale macho.

Kisha Mae akatoka nje. Tulimwona kupitia mlango wa nyuma, anakwenda nyuma ya nyumba, anainama kwenye kaburi. Alikuwa anazungumza kwa Kihaya, sauti ya chini, kama anaongea na mtoto mwenye homa. Anamwomba msamaha. Halafu akalia. Siku kumi na tatu tangu mwanawe afe, ndiyo kwanza analia. Alilia hadi majirani wakamfuata wakamshika.

Watu waliingia ndani. Jirani akazungusha kikapu cha kahawa. Kilipofika kwangu Mae alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni. Akatikisa kichwa. Jirani akanipita akampa wa pembeni yangu.

Ni haki. Nimetembea hadi barabarani peke yangu. Hakuna aliyenisindikiza.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimekwenda kwa askari, nimebadilisha maelezo. Kaniuliza kwa nini sasa. Nimesema nilikuwa naogopa. Kaandika tena, kurasa mbili safari hii, nikasaini. Kasema nitaitwa.

Jioni nimepanda kilimani bila wageni. Nikamsubiri msimamizi mpya mpaka wenzake wote wafike, nikasema mbele yao kilichotokea. Yule wa jenereta kainamisha kichwa. Kasema alinisikia usiku ule. Alidhani si mahali pake kusema. Msimamizi kanuna, lakini hadithi yake imekufa. Tajiri kanipigia simu kunitukana, na nimemwacha atukane hadi akachoka.

Nimefuta kilima na kilabu cha lubisi kwenye njia yangu. Matembezi yataishia kwa wanawake wa kukaanga. Wasiotaka wasije.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Senene wamepungua, karibu msimu unakwisha. Hakuna wageni. Nimefua, nimepiga pasi, nimeshona kifungo.

Mchana Jestina kapiga simu. Mara ya kwanza tangu siku ile. Aliongea haraka, kama anasoma mahali. Mae anakula sasa. Amepalilia kaburi. Picha ya Deo imerudi ukutani, ameitundika mwenyewe, hakutaka mtu amshikie kigoda.

Nikamwambia, mpe Mae salamu zangu.

 Akasema, hapana wifi, bado. Akakata.

Nimekaa na simu mkononi. Saa moja kasoro dakika kumi adhana ya magharibi ikaita, nikainuka kwenda kutawadha.