Fidencio aliuliza nani amefariki

Ndugu yangu, siamini hadi sasa. Fidencio wetu kaenda kumposea mwanawe kwenye mkahawa wa kitajiri hapa Oaxaca, nami nikamsindikiza.

Kitamale kimoja, kile cha unga wa mahindi uliopikwa ndani ya ganda, kidogo kama kidole, kikaja na mshumaa, moshi wa ubani na yale maua ya manjano ya madhabahu tunapowawekea wafu wetu chakula.

Akavua kofia. Akamwambia mhudumu, "Pole, mwanangu. Nani amefariki?"

Nani amefariki! Nikamkanyaga mguu.

"Usinikanyage. Chakula cha marehemu hakiguswi kabla mwenyewe hajala."

Doña Hermelinda, mama wa binti, mjane, uso mkavu tangu tuingie. Nikajua posa imekwisha.

Mpishi akatoka jikoni kuuliza mbona hatuli.

Doña Hermelinda akafumba macho. "Subiri, baba. Mume wangu alikuwa anakula polepole."