Kijitabu cha Maajabu na Mapacha wa Modesta

Mama Wilhelmina mpendwa wa ukurasa wa ushauri,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimefunga saluni mchana kweupe na wateja wako nje wananigongea, naomba unisaidie kabla jambo hili halijafika polisi, maana likifika huko kuna mtu ataumia bure na chanzo ni mdomo wangu.

Mimi nina saluni hapa Igogo, si kubwa, ina viti viwili na draya moja, na wewe mwenyewe unajua tangu biashara iachiwe huria saluni zimeota kila kona, wenzangu wana redio kaseti na picha za warembo wa ng'ambo ukutani, mimi sikuwa na kitu cha kumfanya mteja anikalie, mpaka siku nilipokwenda Nyegezi kumsalimia dada yangu nikamkuta mmachinga ametandaza vitabu chini, nikanunua kijitabu chenye jalada la rangi kilichojaa maajabu ya dunia. Mama, kile kitu ni kitamu. Unafungua popote unaambiwa pweza ana mioyo mitatu, unafungua tena unaambiwa twiga na shingo yake yote ile ana pingili za shingo sawa na zako wewe, nikaanza kuwasomea wateja wakati nawasuka, wakawa wanacheka na kubishana, wengine wanakuja hata nywele bado safi, na mtu akitaka kuondoka ananiambia Dorcas nisomee moja la kwenda nalo, nikamsimulie mume wangu. Mimi niliishia darasa la saba, na kwa mara ya kwanza watu wazima wakawa wananiuliza mambo, nami sikupenda kusema sijui.

Kuna mwalimu wa jiografia, mteja wangu, alinisikia nikisoma kwamba Ziwa Victoria ndilo lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, akanisahihisha taratibu kwamba hapana, ni Tanganyika. Nikamjibu kingekuwa cha uongo kisingepigwa chapa. Saluni nzima ikanishangilia na kumcheka yule mwalimu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Rafiki yangu Modesta, mke wa Malimi fundi seremala, alikaa miaka bila mtoto, hatimaye Mungu akawajalia mimba, na siku moja namsuka nikasoma pale panaposema mjamzito ambaye ule mstari mweusi wa tumboni umepita kitovu ukapanda juu amebeba mapacha. Wanawake wakamwambia hebu tuone, akafunua kidogo, na mstari ulikuwa umepanda kweli, vigelegele vikapigwa, nami nikatamka kwa sauti ya hakimu kwamba hao ni Kulwa na Doto, imeandikwa.

Muuguzi wa kliniki alimpima akamwambia mtoto ni mmoja. Malimi akasema muuguzi anapapasa tu, hili limeandikwa, akapeleka habari kwao Magu kwa mama yake, Mama Ng'washi, ambaye mwenyewe ni pacha, na kwetu Wasukuma unajua mapacha hawaji kimya kimya, wana nyimbo zao na ngoma zao, basi mama akakusanya wanawake wenzake wakawa wanajifunza nyimbo upya huku Malimi anachonga vitanda viwili.

Modesta akajifungua hospitali, mtoto wa kike, mmoja, mzima kabisa. Mama Ng'washi alipofika na kundi lake akakuta mtoto mmoja akauliza mwingine yuko wapi, hapo ndipo Malimi akaanza kusema hospitali imemwiba, kwamba muuguzi aliyemzalisha mkewe amemuuza mtoto kwa matajiri. Yule muuguzi ni dada mpole anayekaa mtaa wa nyuma, sasa watu wanamgeuzia uso anapopita. Malimi ameapa kwenda polisi na jina lake.

Jana nimekifungua tena kijitabu peke yangu. Mama, kurasa za mbele mstari ule ule unasemwa ni dalili ya mtoto wa kiume. Nikatafuta aliyekiandika, hakuna jina. Nikatafuta kilipopigwa chapa, hakuna. Nikaenda kumwona Modesta nimweleze, nikamkuta amempakata mtoto anatazama ukuta, akaniuliza, "Dorcas, hivi nilisikia sauti moja au mbili? Mimi naona kama nilisikia mbili." Nikaaga nikarudi nyumbani bila kumweleza.

Nikisema ukweli nitachekwa Igogo nzima na wateja watahama, na Malimi sijui atanifanya nini. Nisiposema, yule dada atafungwa na Modesta atamlilia mtoto ambaye hajawahi kuwepo. Nifanyeje? Na hiki kijitabu nikichome?

Ni mimi Dorcas, Igogo.

MAMA WILHELMINA ANAJIBU

Dorcas mwanangu, marahaba.

Barua yako uliileta mwenyewe mapokezi na chini yake ukaandika simu ya duka la dawa lililo jirani yako. Ulifanya vizuri. Gazeti letu hutoka Ijumaa, na kwa hasira za Malimi Ijumaa ilikuwa mbali mno, ndiyo maana nilipiga ukaitwa. Umeniruhusu nieleze hapa yaliyofuata, maana barua za namna hii ninazo nyingine mezani, kutoka kwa watu wanaotibu macho na kuozesha mabinti kwa maneno ya vijitabu.

Nilikuambia uende kwa Malimi siku ile ile na kijitabu mkononi. Ukaniuliza kama unaweza kumtuma mtu. Nilikukatalia, na nakiri nilikukatalia kwa ukali. Uliyatamka kwa mdomo wako mbele ya saluni nzima, ukashangiliwa. Usingeweza kuyarudisha kwa mdomo wa mwingine.

Ukaenda. Uliniambia uliwakuta uani, Mama Ng'washi na kundi lake kwenye mkeka, Malimi amesimama, Modesta mlangoni na mtoto. Ulisalimia, ukapiga magoti, ukaeleza yote, ukasoma ukurasa wa mapacha kisha ukasoma ule wa mtoto wa kiume. Malimi alikunyang'anya kijitabu akataka kukichana. Mama yake akamzuia, akakuomba umsomee jina la aliyekiandika. Ukamjibu hakuna.

"Mahali pamoja anasema wawili, pengine anasema dume," akasema, "na sisi tumepewa binti mmoja. Huyu mtu hajawahi kumwona Modesta. Muuguzi wa kliniki alimshika tumbo."

Malimi akakaa chini. Mimi simcheki. Mwanaume aliyesubiri mtoto miaka yote ile akiahidiwa wawili hawezi kuachia mmoja kirahisi, hata kama hakuwepo. Ulisema pia kwamba alipoinuka hakwenda polisi, alikwenda mtaa wa nyuma, akabisha hodi kwa yule muuguzi na kumwomba radhi, majirani wakisikia.

Yule dada aliyesingiziwa ndiye aliyemaliza kazi. Alikuja kumwona Modesta, akakaa naye kitandani, akamkumbusha kwamba kitanda cha pili wodini mama mwingine alijifungua karibu saa ile ile. Sauti ya pili ilikuwa ya mtoto wa yule mama. Modesta akalia, halafu akalala usingizi wa kweli. Na wale wanawake wa Magu wakasema hawakusafiri ili wakae mkekani. Walimchezea binti mmoja ngoma ya watu wawili, na Malimi akacheza kuliko wote.

Sasa nikuseme. Umepona kwa sababu watu wale ni waungwana, usidhani ni kwa ujanja wako. Mwalimu alikusahihisha kwa upole, ukamfanya achekwe. Muuguzi alishika tumbo kwa mikono yake, ukakubali karatasi isiyo na mwenyewe imshinde. Mstari ule hutokea kwa wajawazito wengi sana, wala hauhesabu watoto. Na hilo la kwamba uongo haupigwi chapa, mwanangu, mimi nafanya kazi gazetini. Siku hizi mwenye karatasi na wino anachapa anachotaka, na kinachouzwa haraka ni kile kinachoshangaza.

Hata hivyo usikichome. Mimi mwenyewe navipenda vitu hivyo, nikikiona kimoja mezani kwa mtu kazi inasimama. Tunavipenda kwa sababu vinatupa dunia nzima kwa vipande vidogo vya kutafuna, na mtu aliyeachia shule darasa la saba ana haki ya kuvitafuna kama mwenye digrii. Lakini tafuta tofauti kati ya jambo la kushangaa na jambo la kutenda. Mtu akisikia habari za twiga anakwenda nyumbani na kicheko. Akisikia habari za mimba yake, za dawa, za chakula cha mtoto mchanga, anakwenda nyumbani kubadili maisha. Kurasa hizo zibandike kwa gundi zisifunguke tena, na anayeuliza mwelekeze kliniki. Zinazobaki, kabla ya kuzisoma sema wazi kwamba hujui kama ni kweli. Hawatakuhama. Watabishana zaidi, na mabishano ndiyo yanayojaza saluni.

Yule mwalimu wa jiografia mtafute kesho. Mwombe radhi mbele ya wateja, kwa sababu ulimwaibisha mbele ya wateja, kisha mwombe apitie kijitabu na kalamu nyekundu. Walimu hawawezi kukataa ombi kama hilo.

Na Modesta atakuja kusuka nywele, ulisema ameshatuma salamu. Akifika mpe kiti kizuri, mchukue mtoto umbebe wewe, usimsomee chochote siku hiyo. Muulize hali yake, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.