Jina la Osiako na Mashujaa wa Kurasa za Nyuma

Shirere, Kakamega
Jumatatu jioni

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe, Baba. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti sasa linakuruhusu kufika shambani bila kumsumbua Mama akutafutie fimbo. Mama naye hajambo? Miwa ya upande wa mto imeshakatwa, au bado mnaambiwa kesho, kesho? Sisi huku tu wazima. Sellah amepata nguvu, anakula vizuri, na mtoto ananyonya kwa bidii zote. Kulia pia analia, hilo umeshaambiwa.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Baba, kwenye simu unanikatia. Nikifika tu kwenye jina la Baba Mdogo Osiako, nasikia kimya, umeshaenda. Barua huwezi kuikata katikati. Labda uichane, na mimi nakujua, huchani kitu kabla hujajua kimesema nini. Kwa hiyo kaa kitako, mwambie Mama akusomee polepole, na asiruke mahali.

Kazi inaendelea vizuri. Kibanda changu cha kinyozi kimepata rangi mpya. Vinyozi wengine hapa mjini wamechora wachezaji mpira na wanamuziki ukutani. Mimi nimechora mashujaa wa vitabu vya katuni, na si wale wakubwa. Juzi mwanafunzi mmoja wa chuo, Chelimo, jirani yangu, alikaa kwenye kiti akaniuliza hawa watu ni akina nani, mbona hajawahi kuwaona popote. Nikamweleza mmoja mmoja. Yule ni Mzee Ukungu, anaweza kuleta ukungu, lakini unaishia magotini. Yule msichana husimamisha saa zote za mji, ila kwa muda tu anaoweza kuzuia pumzi. Na yule mama hufungua kifuniko chochote duniani, basi, hana kingine.

Wee! Chelimo alicheka mpaka nikazima mashine nisije nikamkata sikio. Akasema hao si mashujaa, ni watu wa kawaida waliovaa nguo za kubana. Akanishauri nichore mmoja anayejulikana, mwenye kifua, anayeruka angani, wateja waongezeke. Nikamwambia huyo ana kuta za kutosha duniani.

Jibu hilo si langu, Baba, na unajua ni la nani. Osiako alikuwa akirudi kutoka soko la Mumias na magazeti ya katuni aliyopewa na wauza mitumba, yale yaliyokuja ndani ya marobota, mengine hayana jalada. Tulikuwa tukikaa nyuma ya jikoni tukiyasoma. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo majina ya mashujaa aliyatunga mwenyewe. Mzee Ukungu ni jina lake. Wale wakubwa aliwapita haraka, akaenda kurasa za nyuma kuwatafuta wadogo, wale wanaotokea mara moja katika vita vya watu wengine halafu husikii habari zao tena.

Nilipokuwa mdogo nilimlalamikia. Nilitaka yule wa kifua. Akanieleza kwamba mtu ambaye risasi haimpati, kusimama mbele ya bunduki si ushujaa, ni matembezi. Lakini huyu mwenye ukungu wa magotini anajua kabisa kwamba atapigwa, na bado amevaa nguo zake amekuja. Halafu akaniambia jambo lingine ambalo sijalisahau. Alisema mkubwa hata ukimsahau wewe, wengine wanamjua. Mdogo huyu, aliyemchora akimsahau, amebaki na msomaji peke yake. Sisi tusipoufungua ukurasa wake, hayupo.

Sasa nije kwa mtoto. Senge Rachael, dada yako, alikuja wiki iliyopita kufanya kama tunavyofanyanga kwetu mtoto akikataa kunyamaza. Alimpakata, akaanza kuwaita marehemu wa nyumba yetu kwa majina, ili tusikie ni nani anayetaka kurudi; jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Alianza na Babu Mukolwe. Mtoto akapiga kelele za kung'oa paa. Akawataja wengine wote, hata wale ambao mimi sijawahi kuwasikia, na mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Osiako tu ndiye hakuitwa. Nilipouliza mbona, Senge alinitolea macho. Akasema aliyekufa bila mke wala mtoto haitwi, kwa sababu jina lake litamfuata mtoto, naye hatawasha moto katika nyumba yake mwenyewe. Kisha akanipa ujumbe wako: Jumamosi mtoto aletwe nyumbani Musanda aitwe Mukolwe, jogoo ameshafungwa kamba, na nikija na jina la Osiako nisipite langoni.

Nimeusikia, Baba. Nimeukalia siku hizi zote. Na hapa nitasema yaliyo moyoni, unisamehe kama sauti yangu itapanda.

Babu Mukolwe alikuwa mtu mkubwa, sikatai. Alitoa shamba la kanisa. Alisimama mbele ya wakubwa wa kiwanda akawaambia ukweli kuhusu miwa ya watu, na mpaka leo wazee wakitaja jina lake wanakaa wima. Lakini upande mmoja wa mwili wake ulipokufa, ni nani aliyembeba? Wewe ulikuwa kiwandani, ukitulisha sisi sote, na sikulaumu hata kidogo. Aliyembeba ni Osiako. Alimwosha, akamgeuza, akamlisha obusuma matonge madogomadogo kwa mkono, na Babu akimtukana kwa sababu ya aibu. Wanawake waliotaka kuolewa naye walifika, wakaona kazi ile, wakarudi kwao. Mmoja alimwambia achague, yeye au mzee. Alichagua. Baba, huyu mtu hakukosa mke kwa sababu ya laana. Alikosa mke kwa sababu ya Babu. Halafu alipokufa tukamzika kando ya ua, nje, kama mtu aliyepita njia, na jina lake tukalifungia mdomo. Inaniuma sana. Inaniuma hata sasa ninapoandika.

Babu ana kaburi la saruji. Ana wajukuu wanaoitwa yeye, ukiwaita Jumapili wanageuka kundi zima. Osiako ana mimi tu.

Sasa lile hasa lililonifanya nishike kalamu. Jana baada ya ibada nilimchukua mtoto nikatoka naye uani, Sellah akinitazama mlangoni. Nikamwita, Osiako. Nikaita tena, kwa sauti ya kusikika na majirani. Baba, ningependa sana kukuandikia kwamba alinyamaza. Ungeniamini, Senge angepiga vigelegele, na mambo yangeisha hapo. Nilifikiria kukudanganya, nisikufiche. Lakini hakunyamaza. Alilia vilevile kama alivyolia kwa Babu, nadhani hata akazidisha. Sellah akaniuliza, sasa je? Nikamwambia basi, hilo ndilo jina lake.

Kwa hiyo usiseme marehemu ametulazimisha, na wala Sellah asilaumiwe. Hakuna aliyerudi kudai kitu. Osiako hakuwa mtu wa kudai. Mimi ndiye niliyemchagua, nikiwa na akili zangu zote, na ile hofu ya Senge nimeiangalia usoni. Kama mwanangu atakaa bila mke kwa sababu amembeba mzee wake, basi nitakuwa nimezaa mtu. Tangu jana mtaa mzima unamwita Osiako, na jina hilo sitalibadilisha.

Jumamosi tutakuja wote watatu. Ukifungua, tutaingia tukusalimu kwa heshima yako yote. Ukifunga, tutakaa nje, kando ya ua, pale mlipomlaza. Sellah atamnyonyesha hapo, mimi nitang'oa magugu yaliyoota juu yake, na tutangoja. Sikutishi, Baba. Nakuarifu. Ukaidi huu sikuutoa Shirere, niliondoka nao nyumbani.

Nisalimie Mama, umwambie asimfungue yule jogoo. Nisalimie Senge Rachael, hata kama amenikasirikia, na majirani wote wa hapo kwetu. Sellah anakusalimu sana na amekununulia majani ya chai uliyoyapenda. Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mwanao Sammy, ambaye huku sasa wananiita

Baba Osiako.