Alimwambia Yustina, Hakuniambia Mimi

Jumapili, mwezi wa saba. Ukungu umelala juu ya kahawa tangu asubuhi na hadi sasa, saa saba, haujaondoka. Nimetoka Misani na sijui hata mahubiri yalikuwa yanahusu nini.

Nina wivu. Naandika neno hili waziwazi kwa sababu wiki nzima nimeliita kwa majina mengine: uchovu, baridi, kichwa kinauma.

Ni wivu, na ninamwonea mwalimu mwenzangu, Yustina. Aliletwa shuleni kwetu mwaka jana, akitokea kwao huko ziwani. Mimi nimezaliwa hapahapa milimani, na ushauri nasaha wa shule umekuwa mikononi mwangu tangu wanafunzi wangu wa kwanza hawajaoa. Watoto wa hapa nawajua kwa majina, na wengi nawajua hadi bibi zao.

Mwanzoni mwa mwezi tulipelekwa wote wawili Mbamba Bay, kando ya ziwa, kwa mafunzo ya walimu washauri: namna ya kutambua mtoto anayefanyiwa ukatili, kupima yuko katika hatari kiasi gani, na kutoa taarifa. Nilishuka kule nikijua kwamba mimi ndiye mshauri na Yustina ni msindikizaji.

Siku ya maigizo, mwezeshaji alinipa nafasi ya kumsikiliza "mtoto". Nikauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Ni baba ndiye aliyekupiga, siyo?" Mwezeshaji akasimamisha igizo. Akasema, "Mwalimu, hapo umemjibia." Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Kisha akaitwa Yustina. Alikaa chini, akasema jina lake, akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu hadi nikaona aibu kwa niaba yake. Mwishowe aliyeigiza mtoto akaanza kusema mwenyewe. Mwezeshaji akatuambia tuige vile alivyofanya Yustina.

Jioni ile tulikula mbasa, samaki wa ziwani, wa kuchoma ufukweni, kila mtu akimzunguka Yustina. Mimi nilisema nina usingizi.

Sasa niseme ya mtoto. Nitamwita Neema. Si jina lake, na mengine mengi nimeyabadilisha au nimeyaacha, maana haki yake ya kutojulikana ni kubwa kuliko haki yangu ya kuandika.

Neema yuko darasa la tano, darasa langu. Anaishi na baba yake mdogo. Wiki ile kabla ya mafunzo nilikuwa nimeona kwamba havui sweta hata jua la mchana likiwaka, hata wakati wa michezo, na kwamba kengele ya kwenda nyumbani ikilia yeye ndiye wa mwisho kubeba begi. Tulipokuwa njiani kurudi kutoka Mbamba Bay nilimweleza Yustina. Akaniambia tulichofundishwa: ukishuku inatosha, peleka taarifa, kuchunguza si kazi yako. Nikamjibu kwamba namjua mtoto yule, ataniambia mwenyewe; yeye Yustina anipe tu siku chache.

Nilitaka aniambie. Hilo nimelielewa leo. Nilitaka awe amenichagua.

Jumanne wakati wa mapumziko niliwaona kupitia dirishani, wameketi kwenye ngazi za stoo. Yustina alikuwa kimya. Neema alikuwa anasema.

Mama yake Neema alikuwa mtu wa ziwani, kwa hiyo mtoto anajua Kinyasa, lugha ya huko, na baadaye nilisikia kwamba waliongea Kinyasa. Mimi najua Kimatengo na Kiswahili tu. Hata hilo lilinichoma.

Kabla ya somo la mwisho Yustina alinifuata ofisini. "Dada, amezungumza," alisema. "Nimempa taarifa mwalimu mkuu, na watu wa ustawi wa jamii wako njiani pamoja na askari wa dawati la watoto. Leo hawezi kulala nyumba ile. Mengine sitakueleza, unajua tulivyofundishwa."

Nilijua. Nilikuwa nimeketi naye chumba kimoja tukifundishwa. Lakini nilisikia kama mtu amefunga mlango wa nyumba yangu nami nikiwa nje.

Neema alikuwa amewekwa kwenye chumba cha ushauri, akisubiri. Chumba changu. Yustina alipoenda kupokea wageni getini, niliingia. Mtoto akasimama, akanipa shikamoo. Nikamwambia akae. Nilikuwa nimekuja kumuuliza yote upya, tangu mwanzo, na sikuwa na sababu yoyote zaidi ya kwamba nami nijue.

Aliniangalia akasema, "Mwalimu, na wewe nikuambie?"

Alisema kwa sauti ya mtoto aliyeambiwa abebe ndoo nyingine wakati ameshafika nyumbani. Nikasema hapana, usiniambie kitu. Ningeishia hapo ningekuwa mwalimu mwema. Sikuishia hapo. Nikamuuliza kama alipata kutaka kuniambia mimi. Swali lile halikuwa la faida yake hata kidogo, lilikuwa la kwangu.

"Nilitaka," akasema. "Lakini mnasali jumuiya moja na baba mdogo. Siku ya kupima kahawa mlikuwa mnacheka."

Ni kweli. Tulikuwa tunacheka. Ni mcheshi yule bwana.

Yustina hana jumuiya hapa, hana shamba, hana shemeji wala wifi. Nilikuwa namwonea huruma kwa hilo. Kumbe mtoto alipotazama huku na huku akitafuta mtu ambaye maneno yake hayatarudi nyumbani kwao, alimwona yeye.

Baba mdogo alichukuliwa na askari siku ileile. Ijumaa mkewe akaja kwangu. Nilimkaribisha, nikaweka chai. Alilia, na kilio chake hakikuwa cha uongo; nyumba imebaki na watoto wadogo. Kisha akasema, "Mama Fidelis, yule mwalimu wa ziwani hana mtu hapa, ndiyo maana haoni haya. Ungejua wewe kwanza, tungeongea, tukayamaliza kifamilia."

Nilifurahi.

Sitaki kuandika hivi lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda wa kumimina kikombe nilifurahi kusikia mtu akimsema vibaya Yustina na kunisifu mimi. Maneno yake yalikuwa matamu kuliko ile chai. Akaendelea: nizungumze na Yustina, nimwombe aende akaseme kwamba mtoto hakueleweka, lugha zimegongana. Mimi nasikilizwa, alisema. Mimi ni mama wa wote.

Ndipo utamu ukageuka mdomoni. Kile alichokuwa akinisifia ndicho Neema alichokiogopa.

Nikamwambia, "Ningejua mimi kwanza, ningepeleka palepale alipopeleka yeye."

Akafunga kanga yake vizuri, akatoka. Chai hakuigusa. Sina hakika kama nilichosema ni kweli. Nilikuwa nimeshajua nusu yake, na sikupeleka popote. Ila tangu Ijumaa nataka sana iwe kweli. Nilienda jioni ileile kwa afisa ustawi nikaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, ya sweta na ya begi, na habari ya mgeni aliyekuja kwangu na ombi lake.

Jana dada wa marehemu mama yake Neema alipanda kutoka ziwani kumchukua. Afisa alikuwa ameshamtembelea kwake na kuridhika. Tulikuwa stendi, mimi na Yustina. Mtoto alinipa mkono na kuniamkia kwa adabu. Kisha akamkumbatia Yustina kiunoni, akazika uso pale, na hakuachia mpaka kondakta alipoita.

Nilitazama pembeni, nikajifanya naangalia mizigo. Nilimshukuru Mungu kwamba mtoto ameondoka salama, na moyoni nikauliza kwa nini si mimi. Yote mawili kwa pumzi moja.

Tukirudi kwa miguu Yustina aliniambia kwamba majirani hawaitikii tena salamu yake. Dukani asubuhi ile walimpita kama hayupo. Hakulalamika, alisema tu kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Jumatano ni zamu ya nyumba yangu kupokea jumuiya. Leo baada ya Misa, pale mlangoni, watu wakisikia, nimemwalika Yustina aje asali nasi. Baadhi ya kina mama walitazamana. Yeye alikubali, machozi yakamlengalenga, nami hata hapo nikaona kwamba analia vizuri kuliko mimi.

Nitamketisha kando yangu. Wasipokuja wengine, tutasali wawili.

Na wakija, kisha wakampenda kuliko mimi, nitaweza kuvumilia?