Mlio wa Nyonga ya Meneja

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Ghala la Saruji.
Jumatatu, tarehe 9.

Mpendwa mpwa wangu,

Kabla ya lolote, u mzima? Mumeo je? Na kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku tunapumua. Mke wangu ana meno yake yale yale, na mimi afya yangu chuma, isipokuwa usiku silali, ndiyo maana mwandiko umelala.

Unanijua. Mikono hii imewakanda wapagazi wote wa ghala hili. Mmoja aliangukiwa na kabati. Nikamkanda nusu saa, akaondoka amelibeba kabati lenyewe. Kwetu wakandaji dalili ya kupona ni mlio: kiungo kikilia "ko!", watu wanapiga makofi.

Sasa kaa chini. Ni habari ya Meneja, mbwa wako uliyeniachia.

Tangu mvua zianze alikuwa akichechemea mguu wa nyuma. Ijumaa nikamlaza mkekani, nikaanza kazi. Akageuza kichwa. Akalamba midomo. Akapiga mwayo. Nikawaambia wapagazi waliojaa dirishani, "Mnaona? Mteja anasinzia kwa utamu!" Nikauvuta mguu kwa nyuma, kama ninavyomvuta mpagazi. Ukalia "ko!" Wakapiga makofi. Na mimi, mpwa wangu, niliinama kuwashukuru.

Meneja alinitazama tu. Alipotaka kuinuka, mguu ukabaki nyuma kama si wake.

Nilimbeba mwenyewe, mbio, hadi kwa daktari wa mifugo. Yule mama ni mkavu kama kuni. "Nani kamvuta huyu?" Nikasema ameanguka ngazini. Akaligusa paja lililovimba, akanikazia macho. "Ngazi haina vidole, mzee."

Nikaificha mikono mgongoni.

Ameirudisha nyonga mahali pake, akaifunga. Anasema uzee umeshakila kile kiungo. Mbwa akichechemea apimwe kwanza, si kuvutwa. Hata akipona, ni kumpapasa taratibu kufuata manyoya, na mbwa mwenyewe ndiye wa kuamua kama anataka. Na kule kugeuza kichwa, kulamba midomo, ule mwayo, haukuwa utamu. "Alikuwa anakuambia basi," daktari akasema. Mara tatu aliniambia basi, nami nawachekesha watu dirishani.

Nyonga ikichomoka tena, ni kisu, na daktari hana hakika kama moyo wa miaka kumi na tatu utaamka baada ya dawa ya usingizi. Asisimame mwenyewe kwa wiki tatu. Naogopa, mwanangu. Bawaba ya mlango ikilia, naruka kwenda kumtazama. Naye akiiona mikono yangu anajikunja, kwa hiyo nakaa karibu naye nimeikalia.

Mke wangu anakusalimu sana. Mimi hasemi nami. Akiwa na neno kwangu, anamwambia Meneja, nami nasikia. Mama yako ukimsalimia, msalimie tu, hili bado halijui.

Jana ulipopiga simu nikakukatia, si dharau. Sauti yako ilipotoka tu, Meneja aliinua masikio, akakaza miguu ya mbele ili asimame. Nilimlalia kifuani kumzuia, naye analia. Basi nakuomba, usipige. Niandikie, hata kama ni matusi. Nitayasoma kimoyomoyo, asisikie.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na hiyo nyonga aishike Yeye, maana mimi siigusi.

Ni mimi, akupendaye na kukuogopa leo,
Mjomba wako.